Majani Niliyompelekea Ng'ombe wa Mama Kulwa

Siku isiyonitoka moyoni, mwanangu, ni ile niliyoshuka Misungwi na sanduku la bati baada ya miaka kumi na moja ya mjini. Shirika la umma nililolifanyia kazi Dar es Salaam lilikuwa limeuzwa, na sisi watu wa stoo tukawa wa kwanza kuambiwa tukapumzike. Jirani yetu Mzee Masanja alikuwa amekaa nje ya duka na wenzake. Shikamoo yangu hata hakuipokea.

"Bwana Stoo karudi," aliwaambia wenzake. "Jembe halijui, ng'ombe anamwogopa. Huyu hawezi kuishi kwa ardhi. Kabla ya mavuno mtamwona anasubiri basi."

Walicheka mpaka mmoja wao akapaliwa. Sijawasamehe kwa kicheko kile, na umri huu sidhani kama nitaanza.

Maana mimi sikuwa mtu wa kuchekwa. Katika kijiji kile mwenye diploma nilikuwa peke yangu, diploma ya ugavi, nayo niliipata kwa kusoma jioni baada ya kazi, bila mjomba wa kunishika mkono. Na nililiona jambo ambalo wale wazee hawakuliona. Soko huria lilikuwa limeingia, watu wa Mwanza walikuwa wanafuga ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba zao, Buswelu, Mkuyuni, popote palipotosha banda. Ng'ombe wapo, malisho hakuna. Huku Misungwi malisho yapo. Nani aliyeyaunganisha mambo hayo mawili? Mimi. Hao wote unaowaona leo wanauza majani ya ng'ombe walinikuta njiani.

Familia yetu ilikuwa na ngitili. Wewe uliyezaliwa mjini nikueleze: ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua, mifugo isiingie, nyasi zikue na zije kuliwa kiangazi. Ya kwetu ilitunzwa na shangazi yangu Nyamizi, dada mkubwa wa marehemu baba. Nilipomweleza mpango wangu alisimama, akajifunga khanga vizuri.

"Twende nikuonyeshe za kukata na za kuacha," alisema.

"Shangazi, majani ni majani. Mimi nimetunza maelfu ya vipuri stoo, kila kimoja na namba yake. Leo nifundishwe majani?"

"Vipuri vyako vilikuwa vimeandikwa. Haya hayajaandikwa."

Nilicheka. Ndiyo, mwanangu, mimi niliyechukia kuchekwa nilimcheka mama mtu mzima ndani ya uwanja wake.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeonja tu zikakatika, na jua likarudi kali. Ngitili ilikuwa imeshaliwa. Lakini kando ya korongo nilikuta machipukizi mabichi, marefu kufika gotini, laini, ya kijani cha kupendeza. Nikajiambia watu hawa ni vipofu, chakula kimesimama hapa hakuna anayekikata. Nilijaza magunia, nikakodi pikapu, nikaenda Buswelu kwa mteja wangu wa kwanza.

Mama Kulwa alikuwa mjane, fundi cherehani. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyeitwa Pendo, na maziwa ya Pendo ndiyo yaliyowasomesha pacha wake, Kulwa na Doto. Nilimwaga majani horini kwa mbwembwe. Pendo alikula kwa pupa, Mama Kulwa akanipa chai. Sikuwa nimefika nusu ya kikombe nilipomsikia ng'ombe akihema kama mtu aliyekimbia. Miguu ikatetemeka. Akaanguka ubavu, povu likamtoka, akatupa miguu, akatulia. Chai ilikuwa bado ya moto.

Jirani mmoja aliyekulia machungani aliruka ua, akaokota jani moja horini na kulipindua.

"Nani kaleta mtama pori? Ukiwa mchanga hivi, tena umepigwa na jua, ni sumu. Hili si jambo la kufundishwa mtu mzima."

Wote walinitazama. Mama Kulwa alikuwa amepiga magoti, ameshika sikio la Pendo. Hakulia wala hakunitukana. Alisema, "Baba, uliniambia ni malisho."

Nimetukanwa mara nyingi maishani. Hakuna tusi lililonichoma kama maneno hayo.

Nilirudi kwa shangazi nikiwa nimeshaandaa visingizio: mvua, jua, dereva. Alinisikiliza akiendelea kufunga fagio, kisha akaliweka chini.

"Umemaliza? Sasa nisikilize mimi. Hukukosea kwa kutojua. Kutojua si kosa, hata mimi nilizaliwa sijui. Ulikosea kwa kuuza usichokijua. Ulikiita malisho kwa mdomo wako, mjane akaamini kwa sababu umevaa shati la mikono mirefu."

"Nisamehe, shangazi."

"Mimi sikufiwa na ng'ombe. Huyo mtamba wangu mwekundu ana mimba. Nakuazima, umpeleke kwa yule mama. Na utampeleka kwa miguu. Upite katikati ya watu, wakuulize unampeleka wapi, na uwajibu."

Walikuja wengi kuuliza, mwanangu. Niliwajibu wote, siku mbili nzima, hadi Buswelu.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza darasa la kwanza. Msimu mzima wa mvua shangazi alinikataza kushika mundu. Alinipigisha magoti ndani ya ngitili. Mimi kama mwanafunzi yeyote nilikimbilia vichwa vya mbegu: hiki kama mkia wa paka, hiki kama ufagio uliotanuka, hiki kama vidole. Nilipoanza kujisifu, alivikata vichwa vyote na kuniwekea mabua matupu.

"Ng'ombe akishapita kichwa hakipo. Haya, taja."

Sikuweza kutaja hata moja. Ndipo aliponifundisha kuvuta jani taratibu, pale linapoachana na bua, na kutazama ndani: mengine yana utando mwembamba, mengine yana nywele, mengine hayana kitu. Pitisha kidole kwenye vifundo, vina manyoya au ni vitupu? Zungusha bua, je, lina pembe tatu? Basi hiyo ni ndago, si nyasi kabisa, usinidanganye. Na mtama pori alinionyesha siku tatu mfululizo: jani pana, mshipa wa katikati mnene na mweupe, vifundo bila manyoya ya yale majani mazuri yanayofanana nao. Tofauti ile ingetosha kumwokoa Pendo. Ilikuwa mbele ya macho yangu, nami sikuinama.

Mwishoni mwa mvua nikawaomba majirani wanne waniazime vipande vya ngitili zao, nikate na kukausha. Nilianza kwa Mzee Masanja, kwa makusudi.

"Nikuazime ili umuue ng'ombe wa nani safari hii?" alisema.

Shangazi alikuwa nyuma yangu. "Akiua, njoo uchukue wa kwangu."

Waliniazima. Nami hapo nikawaonyesha stoo ni nini. Nilijenga banda, nikainua sakafu kwa magogo unyevu usipande, nikafunga majani kwa kuyashindilia ndani ya sanduku la mbao, na kila robota nikaliandika ngitili lilikotoka. Lililoingia mwanzo lilitoka mwanzo. Kijijini hakuna aliyekuwa amewahi kuona kitu kama hicho, nasema hivyo bila aibu. Mama Kulwa akanunua tena kwangu, ila hakuwahi kupokea mzigo wangu bila kuingiza mkono mpaka chini. Nilimheshimu kwa hilo.

Sasa nakasirika nikikusikia wewe, na cheti chako kipya, ukisimama kwenye ukingo wa ngitili ileile na kusema tulime yote, "hayo majani tu". Majani gani? Taja matatu. Huwezi. Basi huna ruhusa ya kuyalima, kuyachoma wala kuyauza. Kabla hujakiita kitu jina mbele ya mtu anayekuamini, piga magoti ukitazame. Aliyekaa nacho maisha yake yote muulize, hata kama hajui kuandika jina lake. Na ukiharibu, peleka fidia kwa miguu yako. Hiyo ndiyo nasaha yangu yote, sina nyingine.

Basi, mwaka mmoja ukame ulitupiga. Ngitili ziliisha mapema, ng'ombe wa Masanja wakabaki mbavu. Nilipakia mkokoteni, nikapita nyumba kwa nyumba kwa wale wanne walioniazima. Kwa Masanja nilishusha marobota mengi kuliko kwa wengine, kwa sababu nilitaka ayaone. Alikata kamba, akachomoa bua kavu lisilo na kichwa, akavuta jani, akatazama. Akachomoa jingine. Alifungua marobota matatu mbele yangu, nami nilisimama nikangoja, kwa kuwa ndivyo nilivyopaswa kukaguliwa Buswelu.

Mwishowe alijipangusa mikono. "Bwana Stoo," alisema, "fungua zizi, ng'ombe waje wale."

Jioni ileile nilimpelekea shangazi mtamba mwingine mwekundu, naye mwenye mimba, kulipa yule aliyeniazima, na robota moja la majani. Mtamba alimfungia zizini. Robota aliketi nalo chini, akalipitia bua kwa bua mpaka mwisho, kisha akaniwekea kiganja kichwani.

Na wewe, mwanangu, Mungu akupe magoti yasiyoona haya kugusa ardhi, na akupe mtu wa kukukagua.