Kwa Nini Nilizima Injini Ukerewe

Siku yangu ya kwanza katika karakana moja ya mabasi pale Nyakanazi, Mkuu wa Karakana hakutaka kuona leseni. Aliniuliza, "Mhangaza, kuendesha unajua. Kusimama je?" Alikuwa Msukuma mwenye utani mkali. Alinifundisha kugusa ngoma ya breki, kile chuma cha duara ndani ya gurudumu, kila tunapopumzika. Tuligusa kwa mgongo wa mkono, kwa sababu ukiungua, kiganja kinabaki kizima cha kushikia usukani. Ngoma yenye moto kuliko nyingine maana yake breki inang'ang'ania. Moto ukizidi, mteremkoni haitashika kabisa.

Utaratibu huo nilikwenda nao Ngara, kwenye miteremko ya Bukiriro, miaka kumi na mmoja bila ajali. Kisha nikahamishiwa kisiwani Ukerewe kuwazungusha wageni barabara ya kando ya ziwa. Mawe makubwa, michungwa, na maji yanayong'aa mwanzo wa safari hadi mwisho.

Siku moja nilibeba walimu wastaafu kutoka Biharamulo. Kabla ya mteremko wa mwisho kuelekea kivukoni, niligusa ngoma ya nyuma kushoto. Ngozi ilibaki pale. Breki hiyo nilikuwa nimeiandika mara tatu kwenye daftari la matengenezo. Nikapanda, nikazima injini.

Meneja wa Safari, mdogo kwangu kwa umri, alikuwa kiti cha mbele. "Mzee, acha kupapasa magurudumu. Kivuko hakisubiri."

"Basi halishuki."

"Shuka na gia nzito. Si ndiyo ujuzi wenu wa Ngara?"

"Gia inaisaidia breki. Haishiki nafasi yake."

"Lete ufunguo. Kesho huna kazi."

Nikautia mfukoni. Mwalimu mmoja, mama mkazi wa Kaniha, akasimama. "Baba, fungua mlango. Mtoto wa darasa la kwanza akiungua mara moja anaelewa. Huyu meneja tumrudishe chekechea."

Wakacheka, wakashuka wote. Walitembea ufukweni hadi kijiji cha karibu, viatu mkononi, wakiimba. Kivuko kiliondoka bila wao. Walilala kwenye madarasa ya shule, juu ya mikeka ya kuazima, na hakuna aliyeumia.

Barua ya kunifukuza ilisema niliwatisha abiria. Ndivyo nilivyostaafu, nikiwa bado na nguvu. Na kinachonichoma zaidi ni hiki: sasa kampuni inauza "safari ya kulala kisiwani", pamoja na matembezi ya ufukweni, kwa basi lilelile lililopakwa rangi mpya.

Vijana mnaoingia kazi hii, msiseme hasira yangu ni ya uzee. Ni ya mtu aliyeandika ukweli mara tatu kwa mwandiko unaosomeka.

Juzi meneja huyo alisimama kula Nyakanazi, ninakoishi sasa. "Shikamoo, mzee." Nikamwuliza kama ile breki imetengenezwa. Akarudia shikamoo kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba mimi ni kiziwi.

Sijaitikia hadi leo.