Mtaa wa Wachina Usio na Mchina

Karatu ilikuwa na Mtaa wa Wachina kabla sijafika huko kutoka Rombo kutafuta kazi. Wenyeji walisema ulianza kama kambi ya mafundi wa Kichina waliokuja kuchimba visima. Wenzao walipoondoka, mzee mmoja na mkewe walibaki, wakageuza mabanda ya kambi kuwa mgahawa, wakapaka geti rangi nyekundu na kutundika taa za karatasi. Mwishoni mwa miaka ya tisini, watalii walioshuka kutoka kreta, lile bonde la wanyama, walisimama pale kula tambi na kupiga picha. Mimi nilihudumia meza.

Yule mama hakuwa mpole. Nikichelewa kuosha sufuria alinifokea kwa Kichina. Nikijibu, alinifokea kwa Kiswahili. Lakini tulikula naye meza moja, chakula kile kile.

Mwenye kiwanja, tajiri wa Arusha mjini, alipoona magari yanajaa akawapa notisi. Mzee alimsihi. "Mimi jenga hapa. Choo jenga, miti panda."

"Umejenga kwenye ardhi yangu," tajiri akajibu.

Wakapakia sufuria zao kwenye pikapu. Taa za karatasi, tajiri hakuwaruhusu kuzitoa.

Wiki iliyofuata akahamia Karatu kuuendesha mgahawa mwenyewe, akatuletea wahudumu magauni mekundu ya kubana, yenye kola za kusimama, na wanja wa kuchora macho yaonekane membamba. "Kuanzia leo nyie ndio Wachina."

Wenzangu wakavaa. Mimi nilibaki na kitenge changu.

Mchana, mtalii mmoja akauliza wenye mgahawa wako wapi. Bosi akawahi kujibu, "Wameenda likizo kwao."

Nikasema kwa Kiingereza changu cha shule, "Hawajaenda likizo. Huyu ndiye aliyewafukuza."

Akanivuta hadi jikoni. "Wewe Mchaga una mdomo! Nani atakuajiri Karatu hii?"

"Bora nilale njaa kuliko kuuona uso wako kila asubuhi."

Alilitoa begi langu chumba cha wahudumu, akalitupa nje, nguo zikamwagika vumbini. Niliziokota polepole. Nilitaka wageni wote waone.

Nikapata kazi ya kufua mashuka kwenye lodge moja. Mimi na yule tajiri tulikutana sokoni, kanisani, misibani. Alinyoosha mkono, nikapita. Padri aliponiita kunisihi nisamehe, nilimwambia, "Baba, hajaniomba. Na aliowakosea hawapo hapa."

Mgahawa haukudumu. Tambi zake zilikuwa uji, na madereva wakaacha kuleta wageni. Siku moja nilipita nikakuta mbuzi wamelala ukumbini, na tajiri amesimama mlangoni peke yake. Sikumhurumia hata kidogo.