Chui Juu, Fisi Chini

Simu ililia kabla sijamaliza kikombe cha chai. Alikuwa mama mzee ambaye nilikuwa nikitibu ng'ombe wake tangu nihamie karibu na Silibwet. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Daktari, ndama wangu ameuawa," alisema. "Kuja uone kabla hawajammaliza." Akakata.

Watu wa huku huniita daktari, ingawa mimi ni mhudumu tu wa mifugo, mwenye cheti kimoja na pikipiki. Nilizaliwa Kericho, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, mtoto wa wazazi waliotoka Kisii kuja kuchuna. Kitu tulichoogopa utotoni kilikuwa nyoka aliyejificha kwenye majani. Wanyama wala nyama nimewajua ukubwani, na wengi wao nimewajua kwa majeraha waliyoacha.

Boma la yule mama liko pale chai inapoishia. Nyuma ya nyumba kuna kipande cha majani chai, chini yake malisho, halafu kijito chenye msitu mwembamba kandokando. Nilimkuta uani, amevaa gumbuti na kujifunga leso kichwani. Kando yake alisimama shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mwanamume wa miaka hamsini hivi ambaye shamba lake linapakana na la mama. Alikuwa na panga.

"Chamgei, Kogo," nilimsalimu mama, kama wanavyosalimiwa bibi wa huko.

Kabla hajaitikia, shemeji yake alilinyoshea kidole begi langu. "Daktari, leo hatutaki dawa ya kutibu. Ile ya kupe, ile kali, unayo. Nipe chupa moja niimwage kwa mzoga. Yule atakuja kula, shauri yake."

"Wacha kwanza nione," nilisema.

"Uone nini? Leo ni ndama wake. Kesho ni kondoo zangu."

Mama alikuwa ameshaanza kuteremka. Tukamfuata. Ukungu ulikuwa umelala juu ya chai, na nyasi zilitulowesha hadi magotini. Mbwa wake alikuja nasi mpaka mwisho wa majani chai, akasimama, akakataa kusonga mbele. Mama alimwangalia mara moja, akaendelea kutembea. Hilo la mbwa pekee lingetosha kunirudisha, lakini niliona haya.

Ndama alikuwa chini ya mkuyu, hatua chache kutoka kwenye kijito. Nilichuchumaa. Shingoni palikuwa na matundu manne, safi, kama yaliyotobolewa kwa msumari. Mabegani kulikuwa na mikwaruzo ya kucha. Lakini upande wa nyuma haukuwepo tena. Paja lilikuwa limeng'olewa pamoja na mfupa wake, na mbavu zilikuwa zimevunjwa kama vijiti. Kwenye tope kulikuwa na nyayo za aina mbili: za mviringo zisizo na alama ya kucha, na nyingine kubwa zenye kucha, zikizunguka mti mara nyingi.

"Aliyeua ni mmoja," nilisema. "Waliokula ni wengine."

Mama alinigusa bega. Alizungumza polepole sana. "Daktari, usiinue kichwa haraka. Yuko juu."

Niliinua macho tu. Chui alikuwa amelala kwenye tawi, juu kidogo kuliko mtu aliyepanda ngazi. Sikio lake moja lilikuwa limechanika na damu bado ilikuwa mbichi. Kilichonishangaza ni kwamba hakuwa akitutazama sisi. Alitazama nyuma ya mgongo wangu, kwenye kichaka cha miti ya miwati.

Niligeuka kidogo. Fisi alikuwa amesimama kati ya miti, kichwa chini, mabega juu. Nyuma yake nyasi zilitikisika, akatokea wa pili, kisha wa tatu. Hapo nilielewa kilichokuwa kimetokea. Chui aliua, fisi wakaja, akakimbilia juu. Walikuwa wamerudi nyuma kidogo waliposikia hatua zetu, na sasa sisi watatu tulikuwa tumesimama katikati, juu ya chakula ambacho chui na fisi kila mmoja alidai ni chake.

Shemeji aliinua panga.

"Shusha," mama alimwambia. "Na usikimbie. Ukikimbia wewe ndiye watafuata."

Tulirudi kinyumenyume. Buti langu lilinasa kwenye tope, nikahisi mguu ukitoka. Nikauacha utoke, nikaendelea na soksi. Juu ya mti chui alinguruma kwa sauti kama msumeno ukikata mbao kavu. Sijui tulichukua muda gani kufika kwenye majani chai. Tuliingia ndani yake hadi kiunoni, tukasimama hapo kana kwamba vichaka vile vingeweza kutukinga na chochote.

Fisi walitoka bila haraka. Chui hakungoja. Alishuka kwa mruko mmoja, akamkamata ndama shingoni na kuanza kumburuta kuelekea shinani. Alifika. Aliweka miguu ya mbele kwenye gome na kuvuta. Fisi wa kwanza alishika mguu wa ndama, akajikaza. Wa pili alizunguka kwa ubavuni. Chui aliachia, akampiga huyo wa pili kofi la uso ambalo sisi tulilisikia, lakini wa tatu alikuwa tayari yuko nyuma yake. Chui akaruka juu ya mti.

Angeweza kumuumiza mmoja wao vibaya. Lakini yeye huwinda peke yake, na akivunjika mguu hakuna wa kumletea chakula. Nadhani alilijua hilo kuliko mimi. Alikaa akitazama wakila, nasi tukisikia mifupa ikivunjika. Mwishowe alipita kwenye tawi la upande wa pili, akaruka kijito na kupotea. Tumbo lake lilikuwa bapa kabisa.

"Umeona," shemeji alisema. "Wote wapewe sumu."

Chupa ilikuwa ndani ya begi langu. Nakiri kwamba wakati ule, nikiwa na soksi iliyojaa tope, mkono wangu ulishafika kwenye zipu.

"Ukimwaga hiyo, mbwa wangu atakuwa wa kwanza," mama alisema. "Na maji haya ndiyo tunakunywa. Halafu fikiria. Yule wa juu hajala. Amenyang'anywa. Ataua tena kwa sababu ana njaa."

Niliondoa mkono. Siku ile tulishinda tukiziba maboma yao mawili kwa mabanzi na mabati ya zamani. Shemeji alipiga misumari bila kuniangalia.

Mama hakukosea. Baada ya siku nne, adhuhuri, chui alimchukua kondoo wa shemeji kwenye malisho ya kando ya kijito. Nilipofika nilimkuta shemeji amesimama peke yake kwenye majani chai, macho kwenye mkuyu. Safari hii chui alikuwa amewahi. Kondoo alikuwa amening'inizwa kwenye panda ya tawi, miguu ikibembea. Fisi wawili walizunguka chini, wakinusa, wakiinua pua, wakilala na kuinuka tena. Chui alikula bila kuwatazama.

Mama alikuja akasimama upande wa pili wa shemeji yake. "Mwache amalize," alisema. "Akishiba, atatupumzisha."

"Nilinunua ile dawa ya kupe sokoni Siongiroi," shemeji alisema. "Iko nyumbani, juu ya dari."

Niliogopa neno lolote lingemsukuma kwenda kuichukua. Tulisimama hivyo mpaka fisi walipochoka, wakateremka na kijito mmoja nyuma ya mwingine. Shemeji hakuondoka pale, wala hakwenda nyumbani kuichukua ile dawa. Alivua kofia, akajipangusa uso.

"Huyo kondoo alikuwa na mimba," alisema.