Kuzima Si Kumwaga

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye karakana ya redio za meli kule Mbaraki, Fundi Mkuu hakunionyesha redio. Alinionyesha fimbo. Ilikuwa ya plastiki ngumu yenye ncha ya shaba, na kutoka kwenye ncha ulishuka waya uliopitia rezista nene, kile kidude cha kuupunguza umeme kasi, mpaka kwenye bodi la mtambo.

"Mtambo huu nimeuzima," akaniambia. "Watia mkono?"

"Natia."

"Basi leo utazikwa. Swichi yakata moto wa nje tu. Uliomo ndani ya kapasita umo mlemle. Umwage, kisha upime."

Kapasita ni chombo cha kuweka akiba ya umeme, ambao sisi mafundi twauita moto, na kuumwaga ni kuigusisha kapasita ncha ya fimbo ile mpaka akiba iishe. Zikipangwa nyingi pamoja huweza kuua mtu hata plagi ikiwa imeshachomolewa. Kwa hiyo neno "nimezima" lilikuwa marufuku kwetu. Aliyemaliza alisema "nimemwaga, nimepima", na asiposema hivyo hakuna aliyeusogelea mtambo wake.

Fundi Mkuu alipostaafu tuliletewa Meneja wa kuvaa tai. Huyu aliona fimbo ile ukutani yamtia aibu mbele ya wageni, akaifungia stoo. "Ushamba huo," alisema. "Zimeni, fanyeni kazi." Nilipompinga akanihamishia duka letu la Ndia Kuu nikauze betri.

Huko ndiko habari ilikonikuta. Mwenzangu Hamadi aliitiwa redio ya meli iliyokuwa karibu kuondoka. Akauliza, "Mmemwaga?" Meneja akamjibu, "Imezimwa, bwana, fanya haraka!" Hamadi akatia mkono, na hapo hapo akafa.

Matangani Meneja alisema ni kudra. Nilimwambia mbele ya watu asimtwike Mungu kosa lake. Nimestaafu, nimezeeka, na hasira ile ningali nayo nzima.

Rukia, bintiye Hamadi, ni mwalimu, na tunakaa kichochoro kimoja hapa Mji wa Kale. Mambo ya umeme ayafanya kwa kujifurahisha tu. Juzi aliniita kwake nione kapasita alizozitoa kwenye kamera na mashine mbovu, akazipanga juu ya meza ya kulia ili atengeneze sumaku ya kurusha vyuma.

"Nishazima, ami," akasema, bisibisi mkononi. "Kwenye video wagusisha hivi tu, yalia pa, basi."

"Weka chini!" Nilipiga ukelele hata jirani akachungulia dirishani. "Weka chini bisibisi hiyo, nasema!"

Watu wa video hizo wananiudhi sana. Bisibisi huumwaga moto wote kwa mkupuo mmoja. Chuma huyeyuka, na kapasita yaweza kupasuka usoni. Nilikwenda nyumbani nikaleta mita na rezista yangu kubwa yenye nyaya za mpira mzito, nikamwonyesha: mkono mmoja kazini, wa pili nyuma ya mgongo, moto usije ukapitia moyoni. Mshale wa mita ukashuka polepole hadi sufuri. Rukia akatabasamu, akanyoosha mkono.

"Bado! Tazama mita."

Mshale ulikuwa unapanda tena. Kapasita huficha moto kidogo, kisha huurudisha ukidhani umemaliza. Tukamwaga upya, kapasita moja moja, na kila moja tukaiachia kipande cha waya kilichounganisha miguu yake miwili.

"Ami, mbona wanifokea kama mtoto?"

Mamake hakuwahi kumsimulia kifo kile kilivyotokea. Nikamwambia mimi: "Babako aliuliza kama wamemwaga. Akajibiwa, imezimwa."

Rukia akaivuta rezista karibu. Kisha akachukua mita, mkono wa pili akauweka mgongoni, akaanza upya kutoka kapasita ya kwanza. Hakuruka hata moja, nami sikumsaidia.

"Nimemwaga, ami," akasema mwishowe. "Nimepima."

Maneno hayo ndiyo Hamadi aliyokuwa akiyangoja siku ile. Nikatia mkono wangu mimi kwanza kwenye kapasita zile.