Majirani Waliosimama Kwenye Mpunga

Juzi nilikwenda Buterere, pembezoni mwa mji, kutazama kiwanja. Komisioneri, kijana mmoja anayeuza ardhi za watu, alinitembeza kwenye matope huku amevaa viatu vyeupe, maskini, akisifia kila jiwe tulilolikanyaga. Maji yapo karibu, umeme unakuja, majirani ni watu wa heshima. Mwisho, ili animalize kabisa, akasema, "Na usiogope, mama. Zamani huku kulikuwa viboko. Sasa apana, hata mumoja hakuna."

Alidhani amenipa habari njema. Mimi nikasimama pale nikabanwa na kilio ambacho wala sikukitarajia, ikabidi nimdanganye kwamba vumbi limeniingia machoni. Vumbi, katika matope yale! Kiwanja sikukinunua, lakini tangu siku hiyo Bibi yangu hanitoki kichwani. Wewe hukumjua, kwa hiyo acha nikusimulie.

Mama yangu alifariki mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, na Bibi ndiye aliyenilea, hapo hapo Buterere, kwenye nyumba ya matofali mabichi iliyopakana na shamba lake la mpunga. Wakati huo Buterere ilikuwa mpunga mtupu. Ukiamka asubuhi unasikia harufu ya majani mabichi na tope, na moshi wa akina mama wakipasha moto maharage ya jana yenye mawese. Miguu yetu haikuwahi kukauka vizuri. Watoto wa mjini walitucheka kwamba tunanuka vyura, nasi tukawajibu kwamba wao wananuka madeni ya baba zao kwenye baa. Tulikuwa na midomo.

Na viboko walikuwepo. Walitoka upande wa mto Rusizi, giza likishaingia, wakafuata mifereji mpaka mashambani kwetu. Usimwone kiboko kwenye picha amefumba macho majini ukadhani ni mnyama wa kuchezewa. Mke wa mvuvi mmoja alikwenda kuchota maji jioni, akakutana na kiboko njiani, akakimbilia upande wa mto. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Kiboko hutaka njia yake ya kurudi majini, na anayeikata hapati nafasi ya kuomba radhi. Yule mama alizikwa kesho yake. Kwa hiyo hata kabla sijajua kusoma nilikuwa najua msemo wa Bibi: "Imvubu muachie maji yake." Imvubu ndiyo kiboko, kwa Kirundi.

Tulipambana nao kwa kelele. Kila familia ilikuwa na debe lake na namna yake ya kulipiga. Fundi baiskeli, jirani yetu wa kulia, alipiga haraka haraka kama mtu anayedai. Mwalimu wangu, jirani wa kushoto, alipiga taratibu na kwa mpangilio, mwalimu hata kwenye debe. Bibi alipiga mara tatu, kisha anatukana. Sauti ilipokewa shamba kwa shamba, ikafika mbali, ikarudi, na katikati yake ulisikia watu wakisalimiana na kuulizana mgonjwa ameshindaje. Moto wa pumba uliwaka kwenye kila kona. Mimi na binti wa fundi, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, tulilala kwenye mkeka mmoja katikati ya zogo lote hilo, na sijawahi tena kulala usingizi mtamu kama ule.

Vita vilipoingia, majirani wakaanza kuondoka. Hawakuaga, kwa sababu kuaga ni kutangaza. Unaamka asubuhi unakuta mlango wa fulani umefungwa kwa kamba na kuku wake wanazurura. Wengine walisemekana wamevuka mpaka kwenda Uvira, wengine Tanzania, wengine hatukuambiwa kitu. Mwalimu alikwenda, shule ikafungwa. Fundi alikwenda na familia yake yote wakati wa mvua, na rafiki yangu hakuniachia hata neno. Nilimkasirikia mwezi mzima. Nilikuwa mtoto, sikujua kwamba huenda naye aliamshwa tu akavutwa mkono.

Kisha ikaja kuvrefe. Jua likizama, kila mtu ndani, taa imezimwa, na ole wake atakayewasha moto au kupiga chochote kinacholia. Debe usiku? Risasi ingejibu. Basi tukakaa kimya, Bibi na mimi, nyumba mbili kulia tupu, nyumba tatu kushoto tupu. Viboko wakaielewa kuvrefe kuliko sisi. Hawakuja tena kwa kunyatia. Walikuja wakifoka na kupumua kwa nguvu, wakala wanavyotaka, na sisi tukawasikiliza wakitafuna chakula chetu.

Nikuambie kitu ambacho sikumwambia hata Bibi. Niliwaogopa sana, lakini usiku ambao hawakuja ulikuwa mbaya zaidi. Usiku huo kulikuwa na milio ya bunduki tu kutoka vilimani, halafu kimya, na mimi nilihisi kwamba dunia nzima imeondoka ikatusahau.

Mjomba wangu alikuwa na duka dogo Bwiza, mjini. Alikuja mchana mmoja kutuchukua, akamkuta Bibi amesimama mlangoni na jembe, kama vile yeye mjomba ndiye kiboko. Walibishana mpaka chai ikapoa. Bibi hakutaka Bwiza. Alisema huko hakuna udongo, kuna ulevi na muziki, na mtu mzima anakula kwa kungoja mkono wa mwanawe. Mwishowe wakapatana: mpunga ukivunwa, tungekaa mwaka mwingine. Mpunga ukiliwa, tungefunga mizigo. Mjomba alipoondoka, Bibi alilitazama shamba lake muda mrefu, nami nikajua kwamba nyumba yetu sasa imo ndani ya ule mpunga.

Kesho yake alinishika mkono tukaenda kwa fundi. Alisimama nje ya mlango uliofungwa kwa kamba akapiga hodi. Nilimtazama nikidhani uzee umemzidi. Akapiga hodi mara ya pili, akangoja, kisha akasema kwa sauti, "Ni mi, jirani. Minaazima koti yako na manguo ya mutoto. Nitairudisha." Tukaingia. Tukafanya hivyo hivyo kwa mwalimu, tukatoka na suruali na shati lenye kola. Nyumba zile zilinuka panya na sabuni ya zamani. Bibi hakugusa sufuria wala mkeka.

Fikra yake ilikuwa hii: kama hatuwezi kupiga kelele, basi tuwawekee viboko watu. Lakini nguo tupu kwenye mti haimdanganyi kiboko, alisema, kwa sababu kiboko haoni sana, ananusa. Kwa hiyo tulizivaa kwanza. Bibi alilima mchana kutwa ndani ya koti la fundi, jasho likimchuruzika mpaka kwenye vidole. Mimi nikapewa gauni la njano la rafiki yangu.

"Vaa, mutoto. Toka jasho vizuri."

"Bibi, hii si yangu."

"Minajua. Na mwenyewe akirudi tutafua."

Lilinibana makwapani. Rafiki yangu alikuwa mwembamba kuliko mimi, na sikuwa nimelisahau hilo, kwa sababu alipenda kunitania. Nililima, nilipalilia, nilibeba maji, nikavuja jasho kwenye gauni la mtu ambaye sikujua kama yu hai. Jioni tukazivalisha fito, tukazisimamisha kwenye mpunga: fundi upande wa mfereji, mwalimu karibu na njia, rafiki yangu katikati. Kila baada ya siku chache tulizivua, tukazivaa tena, tukaongeza jasho.

Sijui kama ni jasho au viboko walipata malisho mengine, lakini hawakuja. Mpunga ukatoa mashuke. Bibi akaanza kuimba wakati wa kutwanga muhogo. Na mimi, kwa kuwa sikuwa na mtu wa kuzungumza naye isipokuwa kikongwe mmoja mkali, nikawa naenda katikati ya shamba kumpa habari rafiki yangu. Nilimweleza kwamba mbuzi aliyeachwa na katekista amezaa, kwamba nimeng'oka jino. Siku nyingine niligombana naye kwa kuondoka kimya. Upepo ukipita gauni lilijibu kidogo, nami nikaridhika. Upweke ukizidi, mtoto haulizi sana anajibiwa na nani.

Asubuhi moja ya ukungu tuliamshwa na risasi zilizolia karibu sana. Bibi alinilalia juu, nikahisi rozari yake ikinichoma shingoni. Zilipokoma, tukasikia sauti za askari wakiitana shambani, kisha mmoja akacheka, kile kicheko cha mtu aliyeogopa vibaya. Walikuwa doria kutoka kwenye kituo chao kilicho njia panda. Katika ukungu walikuwa wameona watu watatu wamesimama kimya kwenye mpunga.

Mkubwa wao alituita nje. "Hii ni batu gani, mama?"

"Si batu, shefu. Ni manguo ya majirani yangu. Inanichungia mupunga, imvubu isikule."

"Na majirani yako iko wapi?"

Bibi alimtazama usoni. "We ndo ungeniambia."

Nilidhani tumekwisha. Askari yule aliangalia viatu vyake. Hakuwa mtu mbaya, nadhani, alikuwa amechoka tu. "Toa yote leo," akasema. "Kijana wangu akiona mutu kwa ukungu, atapiga. Siku ingine itakuwa wewe, ao huyu mutoto."

"Niachie wiki mbili, shefu. Mupunga inaanza kuiva."

"Apana, mama. Leo."

Mimi sikuwa nawasikiliza tena. Nilikuwa nimekwenda katikati ya shamba. Gauni la njano lilikuwa na tundu kifuani, dogo, nadhifu, na mgongoni limechanika pana. Nilipiga yowe ambalo Bibi alilikumbuka mpaka kufa kwake. Alikuja mbio akanikumbatia, akawa anarudia, "Ni nguo, mutoto wangu, ni nguo tu," na yeye mwenyewe alikuwa analia. Sikumwamini. Kwangu mimi walikuwa wamempiga.

Tulivua nguo zote siku hiyo. Usiku wa pili viboko wakaja, na kabla ya wiki kwisha shamba lilikuwa kinyesi, mashimo ya nyayo zenye ukubwa wa beseni, na mpunga uliolazwa matopeni. Kilichobaki ni kona ndogo iliyogusa ukuta wa nyumba. Bibi hakuwalaani viboko. Alisema, "Wamekula. Tumbo halina adui," akachukua kisu akaanza kuvuna ile kona.

Kwetu, wali wa kwanza wa mavuno hauliwi na wenye nyumba peke yao. Unapakuliwa kwenye sahani, unafunikwa, mtoto anaupeleka kwa jirani, na jirani naye ataleta wake. Bibi alitwanga ule mpunga kidogo, akaupika pamoja na ndagala, ndio dagaa, na mboga za lengalenga, nyumba ikanukia kama zamani. Kisha akapakua sahani moja, akaifunika kwa kitambaa safi, akanipa.

"Nipeleke wapi?"

"Kwa basoda, pale njia panda."

"Mi siendi. Wamemupiga rafiki yangu."

"Ni hao tu wanabaki karibu," akasema. "Nenda."

Nikaenda, sahani inanichoma vidole, machozi ya hasira yananitiririka. Walikuwa watano nyuma ya magunia ya mchanga. Mkubwa wao alifunua kitambaa, mvuke ukampiga usoni, nikaona koo lake likipanda na kushuka. Vijana wake wakasogea. Hakuna aliyenyoosha mkono. Wakatazamana, kisha akanisogezea sahani kwa upole, akasema, "Anza wewe, mutoto."

Sikuelewa mara moja. Nilipoelewa kwamba wanaogopa sumu, nilichota tonge nikaweka mdomoni, nikatafuna, na watu wazima watano wenye bunduki wakanitazama nikitafuna. Ulikuwa wali mtamu. Hata sasa naukumbuka utamu wake, na naukumbuka ulivyokataa kushuka. Nikameza. Wakangoja kidogo. Nikala tonge la pili. Ndipo wakaanza, kwa haraka, mpaka punje ya mwisho. Mkubwa aliifuta sahani kwa kile kitambaa, akanirudishia. "Muambie bibi yako aende mujini. Hapa si pa kukaa."

Bibi alikuwa akinisubiri mlangoni. Nilimpa salamu ile, wala hakuonekana kuisikia. Aliuliza tu, "Walikula?"

"Walikula."

Sikumwambia walivyokula. Tuliondoka kesho yake, mjomba akasukuma baiskeli yenye mikeka na sufuria. Bibi aliishi Bwiza miaka tisa, hakurudi Buterere hata kutembea, akafa akilalamikia muziki. Majirani sikumwona hata mmoja. Rafiki yangu huenda ni mama wa watu mahali fulani, na huenda sivyo. Mpunga umekuwa nyumba, na kelele za usiku sasa ni za redio, kila mtu na ya kwake. Sahani hazipelekwi tena. Watu wanakaribishana kwa simu, na mimi pia hukaribisha, napenda wageni. Ila kabla sijawapakulia, huwa nachota tonge moja nikala mbele yao, nikameza, nikangoja kidogo. Wanangu wanadhani naonja chumvi.