Vipande Vinane vya Halwa

Kisiwani kwetu Amu, mnayoiita Lamu, hakuna barabara, na mimi, katika vitu vyote ambavyo mwanadamu anaweza kuvipenda, nikapenda baiskeli ya barabara: ile ya matairi membamba na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo. Vichochoro vya Mkomani, ninakoishi na mama yangu, havipitishi baiskeli na punda kwa wakati mmoja, na punda hampishi mtu. Nilikuwa na miaka thelathini na sita nilipoinunua, imeshatumika, ikaletwa kwa basi mpaka Mokowe. Mama aliizunguka mara mbili pale ukumbini, akakigusa kiti kwa kidole.

"Sasa hini utaipandia wapi?" akauliza.

Nikaiinua begani, nikaipandisha darini.

Lami iko ng'ambo, upande wa bara. Inaanzia Mokowe, inakwenda Hindi, inaendelea mpaka Witu na mbele ya Witu, imenyooka, imetulia, inamtamanisha mtu. Ila kuifikia lazima nivuke kwa boti ya abiria, na boti haiondoki mpaka ijae, na ikishajaa, baiskeli haina pahali ila mapajani mwangu. Jambo hilo moja lilinitia wazimu kwa miaka mitatu. Mpango wangu wa mazoezi niliupata kwenye simu, umepangwa siku kwa siku na dakika kwa dakika, na aliyeuandika hakuwahi kusubiri boti. Jumanne mpango umeniandikia saa mbili za mwendo wa kasi kabla jua halijapanda. Mimi Jumanne niko gatini tangu tuliposali alfajiri, nimevaa kaptula ya kubana chini ya kikoi, nakodolea macho abiria wawili wanaokosekana.

"Subira, fundi," nahodha huniambia. Mimi hutengeneza mafriji, kila mtu mjini huniita fundi. "Subira yavuta heri."

Heri gani? Jua lilikuwa linapanda na kila dakika niliyokaa pale niliilipa barabarani kwa jasho.

Kisha kuna chumvi. Kila nikivuka na kurudi, maji ya bahari huurukia mnyororo, na usipoiosha baiskeli kwa maji matamu siku hiyohiyo, kesho unakuta kutu. Maji matamu nyumbani hayaji kila siku. Mama alikuwa akinitazama nikimimina ndoo nzima juu darini, akasema baiskeli hii yaoga kuliko yeye. Alikuwa anasema kweli, na kwa kuwa alikuwa anasema kweli nilikasirika zaidi.

Milima nayo haipo. Mpango ulisema Alhamisi nipande mlima mara sita. Mlima pekee tulio nao ni vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo hata mbuzi hukata tamaa katikati. Nikaamua upepo ndio mlima wangu: nikigeuza Hindi unanipiga kifuani, naweka gia nzito na kung'ang'ana nao mpaka Mokowe. Askari wa kizuizi cha barabarani walinizoea. Mmoja aliniuliza kila wiki nimemkimbia nani.

Lakini kisa changu hasa ni cha chakula.

Mtu akipanda baiskeli kwa saa tatu bila kula, kuna mahali mwili unazima. Si kuchoka. Kuchoka unakujua, unasaga meno unaendelea. Kuzima ni miguu kuondolewa umeme. Mimi nilizima mara ya kwanza karibu na Hindi, mwaka wa kwanza, kwa sababu nilidhani staftahi ya mama ingenitosha: mahamri manne na mbaazi za nazi nzito. Ilinitosha kwa saa moja na nusu. Baada ya hapo nilijikuta nimekaa kando ya lami, nimeishika chupa ya maji na sikumbuki namna ya kuifungua. Yule askari mwenye maswali alinipa chai yenye sukari, nikalia kidogo, naye alikuwa muungwana akatazama pembeni.

Dawa yake ni kula kabla hujahisi njaa, kidogokidogo, kitu chenye sukari, juu ya baiskeli bila kusimama. Wenzangu wa Nairobi hutumia vipakiti vya uji mtamu wa dukani. Nilijaribu kimoja, ladha yake ni dawa ya kikohozi, na tumbo langu likakirudisha kilipotoka. Nikatafuta cha kwetu. Tende ni nzuri lakini kokwa zinasumbua na ukizitoa zinanata mpaka breki. Ndipo nikaifikiria halwa. Sukari, wanga na samli, laini, haihitaji kutafunwa. Nilimwendea mpika halwa nikamwomba anipunguzie samli na kuniongezea chumvi. Alinitazama kama niliyemtukania ukoo.

"Halwa bila samli ni gundi, Bwana," akasema, na akaendelea kukoroga.

Mama akasema atanipikia mwenyewe. Alikoroga mpaka mkono ukamuuma, akalalamika, akaonja, akalalamika tena. Akaikata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, kila kimoja akakizungushia karatasi ya kuokea na kukifunga kwa uzi, ili niufungue kwa meno. Kipande kimoja kila dakika ishirini na tano. Sikuzima tena.

Sasa nieleze jambo moja ambalo mtu wa kwetu haelezwi. Huli mbele ya mtu bila kusema karibu. Nilipokuwa na miaka saba nilikaa kwenye baraza ya mlangoni nala mkate wa mofa, akapita jirani, nami nikaendelea kutafuna. Mama alitoka ndani, akauchukua mkate mkononi mwangu, akampa jirani wote, akarudi ndani bila kunisemesha. Tangu siku hiyo neno hutoka lenyewe. Naye anayekaribishwa anajua wajibu wake: anasema "Starehe" na kupita zake. Umemheshimu, amekuheshimu, na chakula chako kimebaki chako. Katika maisha yangu yote sikumbuki hata mara tano mtu aliyekubali.

Mwaka huu mbio zikaja kwetu. Mokowe mpaka Witu na kurudi, barabara yangu ileile, na kocha wa timu ya pwani akatangaza kwamba watakaoingia kumi wa kwanza atawachukua. Hamchukui aliyefika arubaini. Mimi nilikuwa nimebakiwa na miezi mitano. Hakuna mtu wa visiwani aliyewahi kuwa kwenye timu ile, na mimi nilikuwa naujua kila ufa wa lami ile, najua upepo unageukia wapi, najua punda wa nani wanalala barabarani. Nilitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka, na nasema hivyo nikijua mama atasomewa haya.

Mama alinifungia vipande vinane.

Tulianza watu zaidi ya sitini. Kufikia njia panda ya Mpeketoni kundi la mbele lilikuwa limebaki na watu kumi na wanne, nami nikiwemo, tunapokezana mbele ili kila mmoja aukate upepo kwa zamu na wengine wapumzike nyuma yake. Nilikuwa mzima kabisa. Wakati wangu wa kwanza wa kula ukafika. Nikatia mkono mfuko wa mgongoni, nikafungua uzi kwa meno, na kijana wa fulana nyekundu, mtu wa bara, alikuwa sambamba nami, bega kwa bega.

"Karibu," nikasema.

Akanyoosha mkono, akakichukua chote.

"Asante, buda," akasema huku anatafuna. "Eh, hii ni tamu. Inaitwaje?"

"Halwa," nikasema. Nikatoa kipande cha pili nikala haraka nimegeuza uso upande wa vichaka.

Ningeishia hapo ningeokoka. Lakini yule kijana alikuwa na ulimi. Dakika ishirini na tano nyingine zilipopita na mkono wangu ukarudi mgongoni, watu wawili walikuwa wamejisogeza pembeni yangu, mmoja kila upande, wananitazama kwa adabu. Nilisema moyoni: funga mdomo wako, wewe ni mtu mzima, uko kwenye mashindano. Mdomo ukasema karibu. Wakakigawana, na mmoja akaniuliza kama kuna kingine. Nami ningesemaje? Kilikuwepo, na yeye alikuwa mgeni kwetu.

Niseme na ukweli mwingine, unaoniuma zaidi. Tulipogeuka Witu walishaanza kuniita mzee wa halwa, na nilifurahi. Nilijiona mwenyeji wa barabara nzima. Nilikuwa nawalisha watu niliokuja kuwashinda, na nikatabasamu.

Tuliporudi kwenye upepo akili ikanirejea kidogo. Nilikuwa nimebakiwa na vipande vitatu. Nikajirudisha mpaka nyuma kabisa ya kundi nile bila kuonekana. Nyuma kabisa nikamkuta mwanamume wa Mombasa mwenye ndevu, tuliyesalimiana naye asubuhi kwa salamu ndefu. Nikashukuru. Huyu ni wa kwetu, amelelewa kama mimi, anajua jibu. Nikafungua karatasi.

"Karibu, Bwana."

Alinitazama kwa macho mekundu ya njaa.

"Bismillahi," akasema, akakitwaa.

Nilivyomchukia mtu yule sijawahi kumchukia mtu. Na bado nilipofungua kilichofuata alikuwa palepale pembeni, nami nikasema tena. Cha mwisho nilikula mimi, nimechelewa mno. Cha pili na cha mwisho, ndivyo vilivyoingia tumboni mwangu, na wenzangu wamegawana sita.

Nilizima Hindi. Karibu na palepale pa mwaka wa kwanza. Nilisikia umeme unaondoka mapajani, nikaliona kundi likiniacha mita moja, mita tano, na fulana nyekundu ikazidi kuwa ndogo. Upepo ule niliouita mlima wangu ukanipiga peke yangu. Mimi ninayeujua kila ufa nilikuwa nazihesabu nyufa moja moja. Watu waliokuwa wameachwa tangu asubuhi walinipita, na mmoja akanisukuma mgongoni kwa huruma, jambo ambalo sitalisahau kwa ubaya.

Niliingia wa kumi na tisa. Fulana nyekundu alikuwa wa kumi. Alinijia pale nilipokuwa nimelala chini kwenye kivuli cha lori, anang'aa, anakula ndizi.

"Buda, ile halwa yako imeniokoa, wallahi," akasema, na wallahi ni neno alilojifunza siku ileile. "Zinauzwa wapi?"

Aliila ndizi mbele yangu mpaka ikaisha. Hakusema karibu. Kwao hawana haja ya kusema, nao hawana ubaya wowote, na hilo ndilo lililonifanya nitake kulia.

Nilisubiri boti ijae. Nyumbani mama alikuwa ameketi na kasha lake la mbao likiwa wazi, anatafuta kitu au anajifanya anatafuta. Alinitazama usoni akajua. Nikamweleza yote, kuanzia kipande cha kwanza mpaka cha mwisho, na sauti yangu ilikuwa inapanda, kwa sababu katika kila kilomita ya kurudi nilikuwa nimeshapanga kwamba kosa ni lake: yeye na mkate wake wa mofa na jirani yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akafunga kasha.

"Kwani wewe uliketi?" akauliza.

"Niliketi wapi, mama? Nilikuwa juu ya baiskeli."

"Basi. Karibu ni ya mtu aliyeketi. Mtu ali ndiani, yuwapita, hakaribishi. Ala yakwe, enda zakwe. Baba yako akitoka na mkate wake mkononi kwenda kazini, ulimsikia akimkaribisha nani?"

Nilijaribu kumkumbuka baba akipita vichochoroni na mkate wake, na kweli, alikuwa anatafuna tu na kuitikia salamu kwa kichwa.

"Mbona hukunambia?"

"Nilidhani wayua," akasema. "Watu wote wayua."

Miaka thelathini na tisa. Nilibaki nimesimama katikati ya ukumbi nikinuka chumvi, na baiskeli nayo inasubiri kuoshwa. Mama akaingia jikoni akarudi na sinia lenye mabaki ya halwa, zile pembe zisizokatika vizuri ambazo hakuzifunga. Akaniwekea mkekani. Nikaketi kitako, nikamega kipande, na njaa niliyokuwa nayo siku ile siwezi kuieleza. Nilikuwa nimeshakifikisha mdomoni.

"Karibu, mama," nikasema.

Mama, ambaye maisha yangu yote nimemsikia akijibu "Starehe", akavua viatu, akaketi mbele yangu, akavuta sinia upande wake.