Fundi Haya Kwenye Kamba

Fundi cherehani huyu watu walimwita Fundi Haya, na jina lilimkaa barabara. Mteja akisema gauni lipunguzwe kiuno, haya. Akirudi kesho kutwa kusema liongezwe, haya. Mume akitangaza kwamba leo hapiki, haya vilevile. Msije mkamwonea huruma, hakuwa mnyonge; kubishana tu kulimchosha.

Kitu kimoja alikitaka kwa moyo wote: nafasi yake kwenye mashua ya mbio ya wifi yake. Ilikuwa mashua ya mbao, kuukuu kuliko mabaharia wake wote, na viraka vya matanga alivishona yeye. Wifi ndiye aliyekuwa nahodha, na usukani alishika yeye. Fundi na mwalimu wa hesabu walishika kamba za tanga la mbele, kila mtu upande wake. Nahodha akiita "Haya!", mwalimu anaachia, fundi anavuta, mashua inageukia upande wa pili. Mmoja akiwahi, wote wameumia.

Baada ya mbio za siku ile wifi angeamua: fundi abaki, au nafasi apewe nesi, binti mwenye mikono ya chuma, ambaye keshasimama gatini ananyoosha viungo.

Walianza vizuri. Kila walipogeuka, kamba zilipishana bila hata kutazamana, na fundi akajisikia raha ambayo cherehani haikuwahi kumpa. Wakikaribia boya la mwisho walikuwa wa pili.

"Wifi, kaza mkanda wa jaketi lako!" nahodha akamwambia fundi.

"Haya!" fundi akajibu kwa mazoea.

Mwalimu akaachia kamba. Tanga likapigapiga ovyo, mashua ikasita kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na wenzao watatu wakawapita wakiwapungia mikono.

Gatini, fundi alivua jaketi la kuokolea akamnyooshea nesi.

"Unampa nini mwenzio?" wifi akauliza.

"Nafasi. Nimewaharibia."

"Vaa jaketi lako. Nesi atasubiri msimu ujao. Kosa ni la neno, wifi. Mabaharia wa zamani kugeuza mashua vile wanaita kubisha. Kuanzia kesho nitaita 'Bisha!' Na wewe tangu uolewe na kaka yangu sijakusikia ukibisha hata siku moja, kwa hiyo hatutachanganyana tena."

"Nani kasema sibishi?" fundi akafoka. "Mimi nabisha vizuri sana!"

Hapo akajisikia mwenyewe akibisha, akaziba mdomo kwa mikono miwili, na mwalimu akacheka mpaka akakaa chini.